Kiu ya Halali

Saa tisa unusu, kwa saa yetu,
Daktari Stamper anaingia na theluji mabegani,
anapapasa shingo, anaukuta mshipa,
sindano inaingia na kutoka
kabla Tangawizi hajaamua kukasirika.
Mililita tano. Anaandika, anatia sahihi, anahamia banda la pili.
Mimi naondoa ndoo.

Hiyo ndiyo kazi yangu katika tiba hii:
kuondoa ndoo, na majani makavu,
kisha kusimama mlangoni nikitazamwa.
Kutoka sindano hadi lango la mbio
ni muda wa saa nne, ndivyo sheria ya hapa isemavyo,
na Florence yote imeganda, hata mifereji.
Amefunga, lakini bila nia,
na hakuna aliyemwamsha ale daku.

Robo saa haijatimia anapanua miguu ya nyuma.
Si ule mkojo mzito wa asubuhi, wa rangi ya chai;
huu ni mweupe, unapiga maranda ya mbao
kama mtu anayemwaga beseni la nguo.
Kisha tena.
Kisha tena, na mimi na uma wangu nyuma yake.
Hadi jioni ataacha hapa chini kilo kumi na mbili,
uzito wa mtoto anayeanza kutaja vitu,
na hatambeba mtoto huyo kwenye kona ya mwisho.
Wacheza kamari wanalijua hilo. Kijitabuni,
pembeni mwa jina lake refu la karatasi,
kuna herufi moja tu.

Novemba alirudi na uzi mwekundu puani.
Uzi tu. Bwana Ruddick akaufuta kwa mkono wa koti,
upesi, kama mtu anayefuta deni lake ukutani.
Moyo wa farasi ukipamba moto, alinieleza Stamper,
unasukuma kuliko vinavyostahimili vijishipa vya mapafu.
Basi punguza maji, mto usibomoe kingo.
Kwetu Kasongo husema damu nzito kuliko maji.
Hapa tunauza maji, tunanunua damu,
na chenji sijui inakwenda kwa nani.

Mama yangu, Bi Mwavita, anaimeza dawa hiyohiyo,
kidonge kimoja baada ya alfajiri, kule Lexington,
kwa ajili ya miguu iliyokuwa ikivimba kama mikate.
Nilipomwambia alicheka hadi akaketi:
“Na mimi, nani ananikimbiza?”
Halafu akanyamaza.
“Wanampa ndizi?”
Maana dawa, aliambiwa, haiondoki mikono mitupu,
hubeba na chumvi za mwili,
na usiku misuli ya ndama za miguu yake
huruka yenyewe kama samaki kwenye ungo.

Saa moja u nusu, taa zote, mchanga uliotiwa nta
haurushi vumbi wala haushiki barafu.
Alikimbia mwepesi, sitakataa. Alikimbia kama barua.
Wa nne.
Stamper akapitisha kamera puani hadi kooni:
safi, hakuna hata tone.
Ruddick akanipiga bega, akaenda kutafuta kahawa.

Mimi ndiye niliyebaki na ubavu wake.
Ulikuwa ukiruka, na si kwa pumzi,
ukifuata moyo, pigo kwa pigo, kwikwi ya tumboni.
Nikamwita daktari arudi. Akarudi na chupa ya madini,
akaitia taratibu, jicho kwenye saa, sikio kifuani.
Maji nikayapima mwenyewe:
mafunda sita, naondoa ndoo, tunazunguka banda,
mafunda sita.
Alinifuata mgongoni na midomo yake,
akitafuta ndoo kwenye koti langu.

Mama akapiga simu karibu na saa tano.
“Wa nne,” nikasema.
“Sikukuuliza hilo.”
Nikamenya ndizi ya chakula changu, nikamnyooshea.
Akainusa, akaikataa.
Akala ganda.