Tafsiri ya Bakiri

Banda la Bakiri lilikuwa Newala, nyuma ya ghala la ushirika:
mabati matatu, kuta za magunia ya korosho yasiyo na korosho,
mabenchi sita, la saba mguu wake mmoja tofali.
Mtu mzima mia mbili. Sisi wa kidato cha pili
mia, au fungu la ming'oko, lakini iwe ya moto.

Alikaa ubavuni mwa televisheni, maikrofoni mdomoni,
jenereta likikohoa nje,
akitutafsiria Kikorea.

Kikorea hakukijua.
Hilo nasi hatukulijua.

Tulichojua ni kwamba iko shule, huko, watoto husomea kuimba.
Asubuhi sauti, mchana viungo,
jioni somo zima la kucheka mbele ya kamera.
"Na Jumamosi," akasema Bakiri, "usafi wa mazingira,
kila mwanafunzi na fyekeo lake."
Tukatikisa vichwa. Shule ni shule.

Yule binti wa nywele fupi alimwita Somoe,
maana jina lake lenyewe lilimkwama kooni kama mwiba.
Somoe katoka juu, kwenye mwinuko wa ukungu,
kisima kimoja, foleni ya ndoo tangu saa kumi usiku.
Mama yake kabaki huko anabangua korosho,
vidole vyeusi kwa mafuta ya ganda.
"Korea kuna korosho?" akauliza Fidea Nampota.
"Nyamaza. Ndizo zinazolipa ada."

Sehemu ya tisa. Ukumbi mtupu, taa moja.
Somoe kaimba. Mwalimu wa miwani
hakuinua hata kalamu.
Akasema neno moja. Moja tu, nililiona likitoka.
Bakiri akalitafsiri mpaka jasho likamdondoka:
"Anasema, binti, sauti unayo.
Ila unaimba kama mtu anayeomba radhi.
Nani umemkosea?"

Banda zima kimya. Hata jenereta, naapa.

Nilitembea na swali lile hadi bwenini,
nikalala nalo, nikaamka nalo.
Nani nimemkosea?
Nyuma ya jiko la shule tulipanga mistari, watano,
miezi ile vumbi la salfa linawasha macho,
Fidea akihesabu kwa Kikorea chake cha kubuni,
Asumini akichelewesha bega kila mara, kila mara,
na mimi, niliyezoea kuitikia jina langu darasani
kama ninayeliazima,
nikaimba hadi mpishi akaja na mwiko.

Sehemu ya kumi na mbili hatukuiona.
Bakiri alihamia Masasi, wengine wanasema kwa deni,
wengine kwa mwanamke. Banda likawa pa kupimia ufuta.

Sasa nakaa Mtwara mjini, chumba cha kupanga Chikongola.
Asubuhi nasoma redioni bei za mnada,
daraja la kwanza, daraja la pili,
na wakulima wanasema sauti yangu haina woga
hata bei ikiwa ya aibu.

Juzi usiku nimeikuta tamthilia ile kwenye simu,
maneno yameandikwa chini, Kiswahili safi, kila kitu mahali pake.
Binti wa nywele fupi baba yake ana hoteli.
Hakuna kisima. Mama amekufa kabla ya sehemu ya kwanza,
na mikono yake, kwenye picha ukutani, ni myeupe.
Nikasogeza mbele kwa kidole kilichokuwa kinatetemeka kidogo.
Ukumbi mtupu. Taa moja. Miwani.
Lile neno likatoka, na chini yake likaandikwa:
*Anayefuata.*

Basi.

Nikakaa na simu mpaka ikapata joto.
Kisha nikaizima sauti, nikafunika maandishi kwa dole gumba,
nikamrudisha Somoe jukwaani, 
nikavuta pumzi kama wavutao wenye maikrofoni:
Anasema, binti, sauti unayo...

Jirani akagonga ukuta.
Sikumwomba radhi.
Na Jumamosi, nikaendelea, kwa sauti zaidi,
kila mwanafunzi na fyekeo lake.