Alhamisi ya Lorna

Kwenye ukuta wa ukumbi, chini ya saa isiyokubali kurekebishwa,
ipo karatasi ya zamu. Mimi ndiye niiandikaye,
kwa wino wa buluu, kwa mkono uliozoea mihuri ya posta
kabla posta haijafungwa, ikafuata benki, ikafuata shule,
na treni ikatuachia reli mbili za kufugia magugu.

Tumebaki watu mia moja na themanini
na maghala ya ngano marefu kuliko kanisa.
Hospitali iko kilomita mia na sitini na tatu,
barabara imenyooka hata usingizi huidhania kitanda.

Mara tatu kwa juma Merv Tillack huenda kusafishwa damu.
Saa mbili kwenda, nne na ushei kwenye mashine, mbili kurudi,
na lalamiko lake kuhusu redio halina kituo.

Lorna Pascoe ndiye aliyekuwa akimwendesha,
na kabla ya Merv, mke wa Merv,
na kabla yao wengine, waliolala sasa
nyuma ya uwanja wa kriketi.
Miaka kumi na tisa. Ujira wake chai,
na majani ya chai alileta yeye.
Wahenga walisema kutoa ni moyo;
hawakutaja magoti, hawakutaja kiuno,
wala kangaruu arukaye barabarani alfajiri
kana kwamba ameitwa.

Mwezi wa tano tulimzika.
Mvua haikuja. Walikuja kasuku wa rangi ya waridi,
wakajaa mikaratusi, wakapiga makelele
hata mchungaji akafunga kitabu akawasubiri.

Mwezi wa sita nikaandika zamu mpya.
Nilipofika Alhamisi ya tatu
mkono, wenyewe, ukaandika: Lorna.
Nikafungua mtoto wa meza. Mishumaa ya keki,
ufunguo usiojulikana wa wapi,
wino mweupe wa kufutia, umekauka kama jino.
Nikaibandika hivyo hivyo.

Watu wakaja, wakasoma, wakarudi kwenye vikombe vyao.

Kisha barua ya makao makuu:
Tafadhali ondoeni majina ya wasiohudumu tena.
Kulikuwa na kisanduku, Sababu ya Kuacha.
Nikajaza: Hajaacha.
Nikalamba stempu.

Alhamisi yenyewe niliamka saa kumi na moja,
maana aliyeandika kosa ndiye mlipaji wake.
Jalidi ilikuwa imeshika nyasi, zinalia chini ya viatu.
Nikamkuta Baljinder wa kituo cha petroli
akikwangua kioo cha gari kwa kadi ya benki;
tangi limejaa, na bei hataki kuulizwa.
Nyuma, Merv na blanketi lake.
Na mbele, kiti cha abiria, mkanda umefungwa,
Pascoe, mjane wa Lorna,
ambaye kwa miaka yote ile hakuwahi kulipanda gari hili,
aliyekuwa akisema kazi ya bure haina mwisho
na chakula chake kinapoa.
Magotini ana mikate iliyokatwa pembetatu,
vibaya, siagi imepenya karatasi.
"Ni zamu yetu," akasema. Hakunitazama.

Mimi na Baljinder tukasimama, kila mmoja na ufunguo,
wewe nenda, hapana, wewe,
mpaka Merv akagonga kioo:
"Damu hii haingoji kikao!"

Nikaendesha mimi.
Jua likatoka upande wa Pascoe, akaliacha limpige usoni.
Kilomita ya arobaini akanyoosha mkono, akazima redio.
Nyuma kukawa kimya. Halafu Merv,
yule yule Merv:
"Lorna angeiacha."

Pascoe akatafuta kitufe,
akakikosa, akakipata,
akaiwasha.