Picha ya Kifua

Ngozi ya ngoma yetu ya kwanza
ilikuwa kifua cha mtu.
Kyungu alileta furushi la filamu za eksirei
kutoka nyuma ya hospitali, zimelowa, zimenata,
akazipekua moja moja kama mtu anayetafuta barua,
akachagua moja, akaivuta juu ya pipa la mafuta,
akaikaza kwa waya na nati za baiskeli.
Akaniambia: Piga hapa, katikati ya mbavu.
Nilikuwa na miaka kumi na saba. Nikapiga.

Gereji ya mjomba wake, Katuba.
Gitaa la ubao wa mlango, nyaya za breki,
spika iliyopasuka tukaishona kwa uzi wa viatu,
na ule mpasuko ndio sauti aliyoitaka:
kukwaruza, kama lori la mgodi
likishuka mlima bila breki.
Mji ulitaka rumba,
ulitaka jina la tajiri litajwe katikati ya wimbo.
Sisi hatukumtaja mtu.
Mama Pasta wa jirani alikuja na mafuta ya upako
akapaka mlango wa gereji, juu hadi chini.
Kyungu akamshukuru sana:
bawaba zilikuwa zikilia tangu Pasaka.

Mchana alifua shaba mbele ya posta.
Tembo, twiga, mwanamke na mtungi.
Nimeshafua tembo mia tatu, alisema,
na sijawahi kumwona hata mmoja.
Jioni alikuja na nyundo ileile,
akagonga nne kwenye kizingiti, tukaingia.

Kisha umeme unakatika.
Wengine tulikaa gizani, vidole juu ya nyaya,
tukisubiri kama watu walioshushwa na treni njiani.
Yeye hakujua kukaa. Aliwasha kibatari,
akatwaa zile filamu zilizobaki,
akasaga jiwe la kijani, masizi, kaboni ya betri,
na ndani ya kila kifua akaweka kitu:
bomba la moshi la kiwanda,
kuku wa deni,
behewa lenye watu wasio na nyuso,
redio, na ndani ya redio, kifua kingine.

Kaseti moja, nakala arobaini.
Onyesho moja Kamalondo, wasikilizaji tisa,
wawili wao wamelala. Askari wakabeba spika,
wakairudisha wiki ya pili: Hii imeharibika, walisema.

Halafu yule mama wa Ubelgiji,
miwani shingoni, akanunua picha kumi na moja.
Hakuuliza tulikuwa tunapiga nini.
Picha zikapewa viza.
Kyungu akaenda ubalozini Kinshasa, mara mbili kwa deni,
akarudi na muhuri mwekundu,
akauchora pia: mzunguko, mkubwa kama sinia,
juu ya moyo wa mtu asiyemjua.

Mimi nikaolewa Likasi. Pipa nikalibeba,
likawa la maji, na kifua kikalegea.
Nilipokata ule waya, miaka ishirini imepita,
pembeni, pale ukingo ulipokuwa umefunika,
nikasoma herufi nyeupe: KABAMBA D.
Baba yake.
Miaka thelathini na mmoja kwenye tanuru za shaba,
tukamzika nikiwa darasa la sita,
na mimi nikampiga kwa vijiti usiku wote ule,
Jumamosi hadi Jumamosi, bila kujua.

Nikampigia simu. Kimya kirefu, kelele za mtaa,
mtu akiuza salio.
Akasema: Alikuwa akikohoa nje ya mapigo, Ngoie.
Usiku kucha, ukutani kwangu, nje ya mapigo.
Wewe ulimrudisha ndani.
Kisha akauliza unga wa mahindi kwetu umefika bei gani.

Filamu nimeibandika dirishani.
Saa kumi na moja jua linaingia kupitia pafu la kushoto,
lile lenye madoa,
na watoto wanahesabu mbavu kwa sauti,
wanafika kumi, wanabishana, wanaanza tena.