Maziwa ya Milimani

Bango lake amelipigilia kwenye mkaratusi pale Isongole:
MAZIWA YA MILIMANI. MAPAMBAZUKO. PIGA SIMU.
Gwantwa anacheka kila akikumbuka:
"Wiki ya kwanza walipiga watu saba,
wote waliuliza lita shilingi ngapi."

Saa kumi na robo. Baridi ya Juni ina meno.
Bodaboda anapita na madumu, yale ya kukamua,
taa moja, mguu mmoja chini kwenye kona,
kisha giza linajifunga nyuma yake kama zipu.

Twende, anasema, na twende yake haina haraka.
Kavaa buti za kaka yake, kazijaza magazeti.
Tochi anamulika nyuma, miguuni pangu;
yeye njia anaijua kwa nyayo:
hapa mizizi,
hapa upupu, usishike,
hapa tope lilimvua Mdachi kiatu, hatujakipata mpaka leo.

Mianzi inagongana juu. Mbega anakohoa
kama mzee wa kanisa aliyechoshwa na mahubiri.
Napumzika mara nne.
Mara ya tano sisemi kwamba napumzika,
nasema natazama mgomba pori.
Naye anautazama pamoja nami, gizani, kwa heshima zote.

Hajui nilichokiacha mjini.
Mwaka jana, Rufaa, wadi ya ghorofa ya pili,
daktari kijana alitafuta neno la adabu,
akalipata la zamani, la bibi zetu:
"Mama, ziwa la kushoto itabidi tulitoe."
Nami, mwalimu wa jiografia miaka ishirini na sita,
nikaona ramani ukutani, nikaona mtu na raba
anafuta buluu, anapuliza vumbi lake.
Nikacheka. Wakadhani ni dawa.

Ziwa Ngozi. Nimeliandika ubaoni kila mwaka:
ziwa la kreta, halina mto unaotoka. Andikeni.
Sikuwahi kuja. Kutoka Uyole ni nauli ya mkate.
Sasa nimekuja na ngozi yangu iliyoshonwa,
mshono mrefu kama barabara ya Tukuyu,
nao unawasha kwenye mwinuko, unawasha.

Ukingoni hakuna kitu.
Ukungu umejaa bakuli zima mpaka mdomoni,
mweupe, mzito, umefanya utando juu
kama uliochemshwa ukasahaulika.
"Haya ndiyo waliyoyapigia simu," anasema Gwantwa,
"na pesa ya ukungu hairudishwi."

Ananimiminia chai kwenye kifuniko cha chupa.
"Wageni nawaambia kuna joka. Wanapenda joka.
Wewe nakuambia alichosema bibi:
usilinyooshee kidole."
Kwa nini?
"Bibi alikuwa hasemi kwa nini."

Jua linachomoza bila sisi.
Tunalijua kwa ukungu tu: kijivu, halafu rangi ya ganda la kitunguu,
halafu, pale chini kabisa,
ukungu unapasuka kama kitambaa kwenye pindo
na maji yanatazama juu.
Kijani. Si kijani cha majani. Kijani cha chupa ya zamani
iliyozikwa, ikafukuliwa, ikapanguswa kwa kanga.
Hayana wimbi. Hayaombi msamaha.

Muda wa funda moja la chai,
kisha pindo linafungwa.

Mkono wangu haukunyoosha kidole.
Ulikuwa ndani ya sweta, upande wa kushoto,
sijui uliingia saa ngapi.
Gwantwa ameuona. Anafunga chupa,
anaifunga polepole, zaidi ya inavyofungika.

"La pili ni Masoko," anasema baadaye.
"Lile gari linafika karibu. Mama, utayaweza yote mawili?"
"Hili kwanza," namjibu,
na tunakaa tena, tukiangalia weupe,
hata baridi ikatuinua.

Tukiteremka tunakutana na yule bodaboda,
madumu matupu yakipiga kelele kama watoto wa mapumziko.
"Bango lako," namwambia Gwantwa, "usilirekebishe."
Anauliza kwa nini.
Nami, kama bibi yake, natazama njia.