Ufito wa Shaba

Mwinyifaki wangu alikuwa mpima mafuta, Changamwe.
Akitumbukiza ufito wa shaba tangini,
akiutoa, akisoma weusi ulipokomea,
akiandika: futi thelathini. Kumi na nane. Tatu.
Siku moja ukatoka mkavu,
unanuka kutu.
Wakamwambia, nenda nao.

Sasa uko juu ya bati letu, Mikindani.
Ameufungia kipande cha leso yangu kuukuu
afutie kibao cha sola:
vumbi la malori, mavi ya kunguru.
"Jua halina kina," namtania, "utaandika nini?"
Kimya.

Muuza mafuta ya taa hapiti tena kwetu.
Magharibi, balbu ikiwaka,
anavinusa vidole vyake, mazoea tu,
halafu ndipo anapokula.