Pete ya Vali Namba Saba

Waliileta ndani ya bahasha ya kaki,
pete moja, nyembamba kuliko kidole changu cha mwisho,
na Fundi Nalinga akaitupa mezani:
"Plastiki ni plastiki, Somoe. Imevujisha, imechoka.
Andika imechoka, nitie saini, nikale."

Sikuandika.

Ni Julai. Kule Chuno, nyumbani, chupa ya mafuta ya nazi
imeganda dirishani, nyeupe kama jicho la samaki aliyekaangwa;
mama anaizungusha juu ya mvuke wa chai
mpaka ikubali kuwa maji.
Hilo nimelijua kabla ya kujua kusoma:
baridi ikija vitu hujipanga,
joto likija kila kitu na njia yake.

Lakini polima hii haikulelewa na mama yangu.

Nilimchukua pacha wake, wa akiba, boksi lile lile,
hajawahi kuonja kazi.
Nikamkata utando, rangi ya ngozi ya korosho,
ukiuinua unaona taa ng'ambo.
Nikaulaza kwenye kitako cha joto
nikaupitishia infraredi, mwanga ambao jicho halina habari nao,
ule ule unaotoka kwenye paji la mtoto mwenye homa.

Nyuzi mia na kumi: kimya.
Mia arobaini na tano: minyororo inanyoosha magoti.
Mia na sitini
utando ukaingia ukungu mbele yangu,
ukawa rangi ya makopa.
Umeganda.
Kwa joto!

Na kwenye skrini vilima viwili jirani:
wa elfu moja mia mbili themanini unainama,
wa elfu moja mia tatu na tano unajikweza,
na mimi nasoma tofauti ya vimo vyao
kama mtu anayesoma nyuso za mashahidi.

Hapo umeme ukakatika.
Mji wa gesi. Nilicheka peke yangu gizani.
Kesho yake nikaanza na kipande kingine,
maana fuwele zikishapanga safu
huziambii rudini mlikotoka.

Kwa hiyo, Fundi, ilikuwa hivi:
huko ilikofinyangwa waliipooza kwa pupa,
minyororo ikakamatwa vile vile, vurugu,
kama ukindu uliotupwa kabla ya kusukwa.
Ikafungwa kwenye vali. Gesi ikaipasha.
Usiku na mchana, bila mtu kuiona,
ikaanza kujipanga yenyewe kazini,
na kinachojipanga husinyaa,
unywele tu,
na unywele unamtosha anayetaka kutoroka.

Nikaandika mstari mmoja: *Haikuchoka. Haikuiva.*

Nalinga akausoma mara mbili.
Akaisogeza pete puani
kama mnunuzi wa korosho asiyemwamini muuzaji,
halafu akafumba jicho moja
akalichungulia jua kupitia tundu lake,
na chakula chake kikapoa.