Kasha Namba Tatu

Saa ya ukutani, juu ya ubao wa mpira wa kikapu,
ilisimama saa kumi na dakika kumi, alfajiri ile
paa lilipong'oka kama kifuniko cha kopo la samaki.
Tangu hapo kila mtu humu uwanjani ana saa yake:
watoto wanahesabu milo,
wanaume wanahesabu misumari,
na mimi Perpetua, mkunga wa Santa Remedia, kisiwani Samar,
nahesabu sabini na mbili.

Tufani waliipa jina la mwanamke.
Aliyekuja baada yake, usiku wa pili,
kati ya choo cha mwisho na jenereta iliyozimika,
hana jina.
"Mtu," alisema binti. "Mtu tu. Alinuka dizeli."

Sikumuuliza zaidi.
Nilimuuliza kama anasikia baridi.
Nilimuuliza kama naweza kumshika mkono;
akafikiri kitambo kirefu, akasema, wa kushoto.
Nikashika wa kushoto.

Hapa, nyuma ya pazia la shuka mbili na kamba,
hapana yako ni amri, nilimwambia.
Naomba mabega. Ndiyo.
Naomba tumbo. Ndiyo.
Naomba —
Hapana.
Basi. Tukanywa tangawizi, kikombe kimoja, kwa zamu.

Nguo zake zilitaka mfuko wa karatasi.
Ndani ya plastiki ushahidi huoza.
Lakini karatasi gani kavu, katika mji uliolowa
hadi vyeti vya ubatizo?
Nanay Dedeng, muoka mikate, alikuwa na mifuko saba
aliyoificha ndani ya tanuri lililopoa.
Akanipa mmoja. Hakuuliza wa nini.
Nikaandika tarehe na saa, nikatia sahihi
juu ya picha ya suke la ngano.

Kasha namba tatu lilikuwa ng'ambo ya maporomoko.
Redioni nilimwambia kijana wa ghala:
si mchele, si mablanketi. Namba tatu.
Mama, alisema, orodha inasema chakula kwanza.
Mwanangu, nikasema, hiyo orodha
haijawahi kwenda chooni gizani.
Redio ikakoroma. Nilidhani betri imekufa.
Kumbe alikuwa anafikiri.

Saa ya thelathini na nane, mvua.
Saa ya hamsini, mvua, na mtoto wa kiume akazaliwa
kwenye benchi la wachezaji wa akiba.
Nilimkata kitovu huku jicho langu likiwa mlangoni.
Mungu anisamehe, sikumbuki uzito wake.

Saa ya sitini na sita akaingia Eutiquio, fundi wa pikipiki,
bila pikipiki, matope hadi kwapani,
kasha begani kama wabebavyo sanamu ya mtakatifu.
Humu mna nini, hata kamba zimenichuna hivi?
Ni vitu vya wanawake, nilimwambia.
Akavua kofia.

Vidonge vya siku ishirini na nane, asiruke hata siku moja.
Kingine cha mimba, ambacho padri hapendi nikitaje:
nimekitaja.
Sindano ya pepopunda. Karatasi ya tarehe ya kurudi,
na jina la mwanamke wa mjini anayejua kusikiliza,
akitaka. Akitaka tu.

Sikumdanganya. Hizi hazifuti, nilisema.
Zinafunga milango iliyoachwa wazi.
Akameza. Akafuta mdomo. Akauliza:
"Na mlango wa choo?"

Nilitazama ndani ya kasha hadi chini.
Glavu. Pamba. Maelekezo katika lugha nne.

Asubuhi nikawaendea wanaume wanaohesabu misumari.
Nikataka minane, na komeo la kufungia ndani,
na taa moja iwake usiku kucha, hata kama
simu zao zitakosa chaji.
Wakauliza, vya nini vyote hivyo?
Nikawaambia vya nini.
Nikawaambia yote, polepole, huku nikiwatazama mmoja mmoja,
isipokuwa jina.